Dibaji: Historia ya Neno la Kufungulia Kitabu

Katika vitabu vingi vya Kiswahili, kabla ya sura ya kwanza, pana kurasa mbili tatu ambazo wasomaji wengi huzipita bila kuzitazama. Mwanafunzi huziruka kwa sababu hatahiniwi juu yake. Mwenye haraka huziruka kwa sababu hazina kisa. Juu ya kurasa hizo huandikwa neno dibaji, au utangulizi, na pengine, kwa mikono ya watu waliosoma vyuoni, mukadima. Maneno haya matatu hutumiwa leo kana kwamba ni majina matatu ya kitu kimoja, na kila mwandishi huchukua lolote lililo karibu naye. Lakini hayakuzaliwa nyumba moja, wala hayakutumwa kazi moja. La kwanza lilikuwa nguo kabla ya kuwa maneno. La pili lilikuwa mwendo. La tatu lilikuwa kikosi cha askari. Historia ya neno la kwanza, yaani dibaji, yastahili kusimuliwa kwa urefu, maana ndani yake mna swali ambalo halijakwisha katika fasihi ya Kiswahili: ni nani mwenye haki ya kufungua kitabu cha mtu?

Asili ya neno hili ni Uajemi. Waajemi waliita diba nguo ya hariri iliyofumwa kwa maua na nyuzi za rangi, nguo ya wafalme na ya mapazia ya majumba makubwa. Waarabu waliipokea nguo pamoja na jina lake, wakalitamka dibaj, na kwa desturi ya lugha yao wakalinyambua hata likazaa kitenzi chenye maana ya kupamba. Hapo neno likatoka madukani likaingia katika baraza za washairi. Uzuri wa uso wa mtu ukaitwa dibaja yake; na shairi ambalo maneno yake yamelala sawasawa kama nyuzi katika kitanda cha mfumi, nalo likasifiwa kwa dibaja yake. Mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki, Ibn Farhun, aliyefariki mwaka 1397, alipoandika habari za maisha ya wanazuoni wa madhehebu hayo alikipa kitabu chake jina lenye maana ya hariri iliyotiwa dhahabu. Mwisho wa safari, neno likatua juu ya ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Si vigumu kuona kwa nini lilitua hapo. Mwanzo wa kitabu cha khati ulikuwa mahali pa kutiwa nakshi. Mwandishi aliyekuwa mchache wa rangi katikati ya kazi yake hakuwa mchache wa rangi katika mlango wake. Tena maneno yenyewe ya mwanzo yalikuwa na mapambo: yaliandikwa kwa nathari yenye vina, sentensi ikiitikia sentensi, hata sikio likajua kwamba jambo lililo mbele si la kawaida. Basi ukurasa ulipambwa mara mbili, kwa jicho na kwa sikio, na jina la nguo ya hariri likaukaa vizuri.

Hapa yafaa kumwonya msomaji juu ya ufanani mmoja udanganyao. Kiswahili kina neno hariri, yaani nguo laini itokayo kwa nondo, na kina kitenzi kuhariri, yaani kusahihisha na kutengeneza maandishi kabla hayajatolewa. Mtu aweza kushawishika kusema kwamba kuhariri ni kuyafanya maandishi kuwa laini kama hariri, na kwamba neno hili ni ndugu wa dibaji. Usemi huo ni mzuri lakini si kweli. Ingawa herufi za asili ni zilezile, kuhariri hutoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuweka huru, kisha kuandika kwa usahihi. Wala hakitokani na nguo. Historia ya maneno ina mitego ya namna hii mingi, na mwenye kuifuata kwa masikio tu hupotea.

Neno dibaji lilifika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa njia ya elimu ya dini na uandishi wa khati za Kiarabu. Maana ya nguo haikushuka nalo jahazini, kwa kuwa nguo ilikwisha pata jina. Kilichoshuka ni maana ya maneno ya mwanzo, hasa mwanzo wa utenzi. Wakati huohuo ufundi wa kupamba mwanzo ulikuwa umekwisha kukaa katika visiwa vya kaskazini. Misahafu iliyonakiliwa Siu, katika kisiwa cha Pate, hujulikana kwa kurasa zake za ufunguzi zilizotiwa nakshi kwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano. Na Muhammad Kijuma wa Lamu, mnakili mashuhuri wa tenzi aliyeishi mpaka miaka ya 1940, alikuwa pia mchonga milango. Mtu mmoja alipamba mlango wa nyumba na mwanzo wa kitabu, wala hapana aliyeona ajabu. Maana katika miji ya Waswahili vitu hivi viwili vilifanana. Mgeni haingii ndani moja kwa moja. Hupiga hodi, hukaribishwa katika daka, huketi barazani, huulizwa hali na watokako, ndipo habari iliyomleta isemwe. Dibaji ya utenzi ndiyo daka lake.

Mtungaji wa kale aliingia katika utenzi kwa taratibu ijulikanayo. Kwanza alitaja jina la Mwenyezi Mungu na kumsifu. Kisha alimsalia Mtume, jamaa zake na masahaba zake. Hili halikuwa pambo tupu. Kila aliyekaa mbele ya mwalimu alifunzwa kwamba jambo lolote kubwa lisiloanzwa kwa jina la Mungu huwa limekatika, halina baraka. Baada ya hapo mtungaji aliita vyombo vya kazi, yaani wino, kalamu na karatasi, mara nyingi akimtaja aliyeagizwa kuvileta. Mwisho alieleza sababu ya kutunga na jambo alilokusudia. Ndipo kisa kikaanza. Tenzi ndefu za zamani, kama Utendi wa Tambuka uliotungwa na Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, zilisimama juu ya msingi wa namna hii. Jina la mtungaji, tarehe na hesabu ya beti kwa kawaida viliwekwa mwishoni, katika tamati. Kwa hiyo mwanzo na mwisho viligawana kazi: dibaji ilisema kwa nini, tamati ikasema nani na lini. Aliyepokea utenzi uliokatwa kichwa au mkia alikuwa amepokea kitu kisichojulikana kinakotoka wala kinakokwenda.

Mifano miwili ionyeshe jinsi mtungaji hodari alivyoitumia taratibu hii bila ya kuwa mtumwa wake. Wa kwanza ni Al-Inkishafi, kazi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa au karibu na hapo. Baada ya sifa na sala, mtungaji asema kwamba nia yake ni kutunga mkufu wa lulu na vito, na kwamba ataka nuru iingie na kiza cha ujinga kihame. Kisha augeukia moyo wake mwenyewe na kuukemea kwa kuipenda dunia. Na katika kuukemea auonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa za kioo na za shaba, na vyombo vya Kichina vilivyopangwa kwa uzuri, ambayo sasa yamekuwa magofu. Msomaji aliyeiruka dibaji husoma maombolezo ya mji ulioanguka. Msomaji aliyeisoma huona jambo zaidi: mtungaji ametanguliza pambo la maneno kabla ya kuonyesha mwisho wa mapambo ya mali. Mkufu ulioahidiwa katika dibaji ndio pekee usiooza. Maana ya utenzi mzima imefungwa katika mlango wake.

Mfano wa pili ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alikuwa mgonjwa, na ugonjwa ulikuwa umekwisha timiza mwaka. Amwita binti yake asogee karibu na kuleta wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni ambayo hajapata kumwambia. Binti akiisha kuketi, mama amwamuru ataje jina la Mungu na la Mtume. Kisha amwahidi hirizi ya kufunga na kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Katika dibaji hii kila kitu kinachotakiwa na desturi kipo: jina la Mungu, sala, vyombo vya kuandikia, sababu na ahadi. Lakini hakuna hata kimoja kilichokaa kwa desturi tu. Wino na karatasi vimekuwa haja ya mtu ambaye saa yake imekaribia. Jina la Mungu limekuwa somo la kwanza ampalo mtoto wake. Na pambo, lilelile pambo ambalo neno dibaji lilizaliwa nalo, limekuwa urithi wa binti ambaye mama yake hatakuwapo siku nyingi kumpamba kwa mkono. Mwishoni mtungaji ataja jina lake, mahali alipozaliwa, mwaka wa 1275 wa Hijra, na kwamba beti ni mia moja na mbili. Mlango umefunguliwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye aliyeufunga.

Wala haikuwa kazi ya washairi peke yao. Mtu wa kawaida aliyetaka kumwandikia ndugu yake barua alifuata njia iyo hiyo kwa ufupi: alimtaja aandikiwaye kwa sifa zake, akamsalimu, akamwombea afya, ndipo akasema ama baada, au baada ya salamu nakuarifu, na haja ikafuata. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Ujerumani mkusanyiko wa maandishi ya Waswahili kwa khati ya Kiarabu, na barua zilizomo zaonyesha wazi desturi hii. Hata asiyejua kusoma alikuwa na dibaji yake. Mganaji wa ngano jioni husema paukwa, na wasikilizaji huitika pakawa. Mwenye kitendawili hasemi fumbo lake mpaka aambiwe tega. Katika desturi hizi zote mna kanuni moja, kwamba maneno hayaanzwi kwa nguvu. Msemaji huomba nafasi, na msikilizaji humpa. Dibaji ni mapatano baina ya wawili.

Mapatano hayo yaliingia katika mashaka wakati maandishi ya Waswahili yalipoanza kupigwa chapa. Utenzi ulitoka mikononi mwa mnakili ukaingia mikononi mwa mhariri; na mhariri, mara nyingi Mzungu mwenye elimu na bidii, aliandikia watu wa kwao. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa utenzi wa Mwana Kupona, na mwaka 1939 Hichens akaitoa Al-Inkishafi, vyote viwili pamoja na tafsiri na maelezo kwa Kiingereza. Kazi hizi zilifaa sana. Bila ya bidii ya watu hawa na ya wanakili wa Lamu waliowasaidia, beti nyingi zingalikwisha kwa mchwa. Lakini jambo moja lilibadilika bila ya kutajwa. Mbele ya dibaji ya mtungaji palisimama sasa dibaji nyingine, ya mtu mwingine, kwa lugha nyingine, nayo ilisema na msomaji mwingine. Binti aliyeitwa na mama yake akakaribia na wino na karatasi alikuta mgeni amekwisha keti kizingitini, akieleza wapitao habari za nyumba.

Jambo hili lilionekana kwa ukali zaidi katika nathari. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa nchi ya Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Aliandika kwa wingi juu ya maisha ya watu wa Mrima: kuzaliwa, jando, unyago, ndoa, ngoma, madeni, sheria na maziko. Mwaka 1903 maneno hayo, pamoja na ya Waswahili wengine, yalitolewa Göttingen kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Jina lililosimama juu ya kitabu lilikuwa la Carl Velten, aliyeyakusanya na kuyahariri. Na kwa jina hilo kilitajwa na wanachuoni kwa muda wa miaka mingi. Mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotolewa Marekani, jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari ndilo lililowekwa mbele, pamoja na kutajwa Waswahili wengine walioshiriki. Ilichukua miaka sabini na minane mwenye maneno kuwekwa mlangoni mwa maneno yake. Mtoro hakuiona siku hiyo, maana alifariki Berlin mwaka 1927.

Kwa vitabu vilivyokusudiwa shule za Afrika ya Mashariki palikuwa na mlinzi wa namna nyingine. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ilipewa kazi ya kusanifisha lugha na kukagua vitabu. Kitabu kilichofuata kanuni zake kilipata kibali. Kamati hii ilifanya kazi kubwa, na wasomi wa leo bado wanakula matunda yake: mwaka 1964 ilijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa mzazi wa taasisi ambazo zimetoa kamusi na jarida la lugha mpaka sasa. Hata hivyo yafaa kupima maana ya kibali katika historia ya neno hili. Mtungaji wa Pate aliomba idhini kwa Mungu na usikivu kwa msomaji. Mwandishi wa miaka ya 1930 ilimpasa kwanza aipate idhini ya kamati. Daka lilikuwa palepale, lakini mwenye kukaribisha alikuwa mwingine.

Baada ya uhuru maneno ya mwanzo yalirudi katika lugha ya kitabu chenyewe, na mara yakawa uwanja wa hoja. Mwaka 1971 Shihabuddin Chiraghdin alikitoa kitabu cha mashairi ya Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, akiwa mhariri wake. Na hapo mshairi wa Mombasa alitambulishwa na mtu wa Mombasa. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake Kichomi, na katika utangulizi wake akatetea mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mashairi ya diwani hiyo yalizua ubishi mkubwa baina ya washairi wa desturi na washairi wa mabadiliko, nao utangulizi ulitajwa katika ubishi huo sawa na mashairi yenyewe. Aliyeziruka kurasa hizo alikuwa ameruka nusu ya ugomvi. Hapa ilidhihirika tena jambo alilolijua Sayyid Abdallah: kwamba mahali ambapo mtungaji husema ataka kufanya nini ndipo mahali ambapo huweza kuhukumiwa kama amekifanya.

Sasa yafaa kurudi kwenye maneno matatu na kuyapa kila moja haki yake. Utangulizi ni neno la Kibantu, kutoka kitenzi kutangulia. Mwenye kutangulia hutembea mbele ya mwenzake katika njia moja ili amwonyeshe mashimo na miiba. Basi utangulizi ni wa jambo lenyewe: waeleza historia ya suala, maana ya maneno magumu, mpaka wa uchunguzi, na njia itakayofuatwa. Ni sehemu ya hoja, na mtu asiyeusoma aweza kupotea ndani. Mukadima ni neno la Kiarabu la ukoo mmoja na takadamu, yaani kwenda mbele, na kadamnasi, yaani mbele ya watu. Waarabu waliita hivyo kikosi kitanguliacho jeshi. Na katika elimu ya mantiki neno lilikuja kuwa na maana ya kauli ambayo juu yake hujengwa kauli nyingine. Kwa hiyo mukadima ni misingi ya elimu kabla ya elimu.

Hakuna kitabu kionyeshacho tofauti hii kuliko kile cha Ibn Khaldun. Mwanahistoria huyu wa Tunis alipomaliza mwaka 1377 sehemu ya kwanza ya historia yake kubwa, mpangilio wake ulikuwa huu: kwanza, sifa za Mungu na maelezo ya sababu ya kuandika na ya mgawanyo wa kitabu, pili, mukadima juu ya ubora wa elimu ya historia na makosa ya wanahistoria, tatu, kitabu cha kwanza juu ya hali za jamii za wanadamu. Baadaye watu waliiita Mukadima sehemu yote hiyo, hata jina la mlango likawa mashuhuri kuliko jina la nyumba. Lakini yeye mwenyewe hakuchanganya mambo. Maneno ya mwanzo kabisa, yaliyoandikwa kwa nathari ya vina, yalikuwa dibaji yake. Mukadima ulifuata nyuma. Katika dibaji alisema yeye ni nani mbele ya Mungu na mbele ya wasomaji. Katika mukadima alisema elimu ni nini.

Kutokana na hayo kanuni ya matumizi yaweza kusemwa kwa maneno machache. Dibaji ni ya mtu. Utangulizi ni wa jambo. Dibaji husema kwa nini kitabu kimezaliwa, kwa ajili ya nani, kwa msaada wa nani, na kwa ahadi gani. Utangulizi husema kitabu kinahusu nini, na msomaji aanzie wapi kulifahamu. Dibaji ikiondolewa, hoja husimama lakini haina mwenyewe. Utangulizi ukiondolewa, mwenyewe yupo lakini hoja haina njia. Ikiwa mtu mwingine ameombwa kukisifu kitabu na kukitambulisha, hapana kosa; desturi hiyo ni ya zamani na ni ya heshima. Lakini huyo ataje jina lake wazi, aseme kwa ufupi, na asikae mahali pa mwandishi. Mgeni mwema husifu nyumba. Haanzi kupokea wageni.

Kanuni hii si ya vitabu tu. Katika mikutano ya Tanzania ya leo, msemaji akisimama huanza kuwataja wakubwa waliohudhuria, mmoja baada ya mmoja kwa vyeo vyao, na wasikilizaji hujua hesabu ya dakika zinazopotea. Ili kuikata safari hiyo pamezuka msemo: itifaki imezingatiwa. Neno itifaki lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni mapatano. Wapo wanaoucheka msemo huo, nao wana haki ya kucheka pale unapotumiwa baada ya vyeo vyote kwisha tajwa. Lakini msemo huu, bila ya wasemaji wake kujua, umeikumbuka kazi ya kale ya dibaji. Yule asemaye itifaki imezingatiwa akiri kwamba yako mapatano baina yake na wamsikilizao, na kwamba hapaswi kuanza kusema kama mtu aliyevunja mlango. Ubaya si kuwapo kwa taratibu; ubaya ni taratibu kusahau kazi yake, ikawa ni sifa za wakubwa bila ya haja ya wasikilizaji. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Lele isiyofikia ngoma ni kelele.

Neno dibaji, basi, limesafiri kutoka kitanda cha mfumi wa Uajemi hata ukurasa wa kitabu cha Kiswahili, na katika kila kituo limepoteza kitu na kupata kitu. Limepoteza nguo, limepata pambo la maneno. Limepoteza vina, limepata maelezo. Kitu kimoja ambacho halikupaswa kukipoteza ni sauti ya mwenyewe. Mwanafunzi aandikaye tasnifu yake, akijaza ukurasa wa dibaji kwa maneno aliyoyanakili kwa mwenzake wa mwaka uliopita, adhani ametimiza sharti la chuo. Kumbe ameacha wazi mahali pekee ambapo kitabu kingemwuliza jina lake, nia yake na walimu wake, naye angejibu. Na msomaji aruke ukurasa huo akipenda. Lakini ajue kwamba amepita mbele ya mtu aliyekuwa akimsalimu.

Mwana Kupona hakuandikia wahariri wala kamati. Alimwambia binti yake akaribie. Kwa miaka zaidi ya mia na sitini kila aliyesoma beti za kwanza za utenzi ule amesogea karibu pia, akakaa mahali pa binti. Hiyo ndiyo dibaji iliyo timamu, na kwa kipimo hicho dibaji nyingine zote zaweza kupimwa.